Moshi na Mvuke

Lugha huvipa vitu majina kwa kadiri ya macho ya wasemaji wake. Wazee wetu walipoona kwa mara ya kwanza chombo kinachokwenda juu ya vyuma bila ya kuvutwa na mnyama, walikiita gari la moshi. Chombo kilichokata maji bila ya tanga wala kasia kiliitwa merikebu ya moshi. Majina haya ni matamu kusikia, na moja lao lingali vinywani mwetu hata leo, ijapokuwa magari ya reli hayachomi tena kuni wala makaa. Lakini majina haya hayakutenda haki. Moshi haujapata kusukuma kitu chochote. Moshi ni masazo ya moto. Msukumaji ni mvuke, na mvuke hauonekani. Hata lile wingu jeupe litokalo katika mdomo wa birika si mvuke, bali ni matone ya maji yaliyokwisha kupoa. Mtu akitazama kwa makini ataona kwamba kati ya mdomo wa birika na mwanzo wa wingu pana nafasi ndogo iliyo tupu. Katika nafasi ile, ambamo jicho halioni kitu, ndimo ulimo mvuke. Basi aliyejionyesha alipewa jina, na aliyefanya kazi alinyimwa.

Jambo hili halikuupata mvuke peke yake. Liliwapata pia watu wa mvuke. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, katika nyumba ya watu hao. Babu yangu alikuwa mchochea moto katika stima za Ziwa Victoria, baba yangu alikuwa mwangalizi wa boila katika kiwanda, na mimi nimekuwa mwalimu wa Kiswahili, mtu ambaye moto wake mkubwa ni taa ya mezani. Kwa muda mrefu nimependa kusoma habari za mafundi wa Kijerumani waliotumia umri wao katika kazi ya boila. Sikuzisoma kwa kuwa najua uhandisi, bali kwa kuwa nilitaka kujua ni kazi gani hasa iliyokula nguvu za wazee wangu. Katika kusoma nilimkuta mtu mmoja, Anton Rüter wa Papenburg, aliyefanya tendo moja dogo katika nchi yetu mwaka 1916. Tendo hilo limenifundisha juu ya baba yangu zaidi ya yote aliyonieleza kwa kinywa chake.

Kwanza yafaa tuseme boila ni nini. Boila ni chungu kilichofungwa. Hapa Mwanza, ambapo ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka yapatapo nyuzi 96 hivi za joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Katika sufuria ya jikoni mvuke huo huenda zake, wala hakuna aumiaye. Katika chungu kilichofungwa hauna pa kwenda, hivyo husukuma kila upande mpaka ufunguliwe njia. Na njia hiyo ikielekezwa kwenye injini, tunapata safari, kitambaa, unga au umeme. Wahenga walinena kwamba maji ya moto hayachomi nyumba. Wahenga hao walikuwa na hekima nyingi, lakini hawakupata kuona boila. Mwezi Aprili 1865 maboila ya stima iliyoitwa Sultana yalipasuka katika mto Mississippi huko Marekani, na watu zaidi ya 1,000 wakafa kwa moto na maji katika usiku mmoja.

Tena kuna jambo la ajabu. Kuyapasha maji kutoka baridi ya barafu mpaka kuchemka ni kazi ndogo. Kuyageuza maji hayo yaliyokwisha kuchemka yawe mvuke hutaka joto zaidi ya mara tano ya lile la kwanza, na wakati joto hilo linapoingia, kipimo hakipandi hata nukta. Mtazamaji angedhani moto unapotea bure. Wataalamu huliita joto la siri. Mimi huona kwamba jina hili lingewafaa pia watu wengi niwajuao.

Wajerumani walijifunza mapema kwamba boila halitaki ushujaa, lataka uangalizi. Mwaka 1865 boila la kiwanda cha pombe lilipasuka katika mji wa Mannheim, na mwaka uliofuata wenye maboila wa huko wakaunda chama cha kuyakagua kabla hayajadhuru mtu. Vyama vya namna hiyo vilienea katika nchi yao, vikawa chanzo cha desturi ya ukaguzi ambayo ingalipo mpaka leo. Katika desturi hiyo alikua Wilhelm Schmidt, aliyezaliwa Wegeleben mwaka 1858. Jina lake la ukoo maana yake ni mhunzi, naye alianza maisha kwa kujifunza ufundi wa makufuli na vyuma. Alitambua kwamba mvuke utokao moja kwa moja katika maji ni mvuke mbichi: ukigusa kuta za silinda hupoa, hugeuka matone, na nguvu yake hupotea. Akaupitisha tena katika mabomba ndani ya moto mpaka ukakauka na kupata joto la nyuzi zaidi ya 300. Mwaka 1898 magari ya moshi ya kwanza yaliyotumia mvuke wake yalitembea katika reli za Prussia, na mpaka alipokufa mwaka 1924 dunia ya wahandisi ilikuwa ikimwita Schmidt wa Mvuke Moto. Mitambo mingi mikubwa ya mvuke itoayo umeme duniani hukausha mvuke kwa kanuni hiyo. Lakini Schmidt alikuwa mmoja katika maelfu. Wengi wa mafundi wa boila hawakuvumbua kitu. Walitazama kioo cha maji, wakasikiliza, wakazibua mabomba, wakastaafu.

Habari hizo zilifika katika ziwa letu juu ya vichwa vya watu. Stima ya William Mackinnon iliundwa Scotland, ikaletwa Mombasa vipande vipande, ikachukuliwa bara, na ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. Baadaye zilifuata nyingine kubwa zaidi, na miongoni mwao Usoga na Rusinga, zilizoundwa kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Babu alifanya kazi katika stima za namna hiyo katika miaka ya 1940 na 1950, akizunguka Mwanza, Musoma, Bukoba na Kisumu. Nasema alizunguka, lakini mwenyewe alikuwa akicheka kila aliposikia neno hilo. Alisema kwamba Bukoba aliijua kwa kengele tu: kengele ikilia mara hizi, ni Bukoba; ikilia mara zile, ni Musoma. Abiria waliona milima na visiwa; yeye aliona mlango wa tanuri.

Ukipanda gari la moshi Mwanza na kwenda kusini, njia hukufikisha Tabora, na hapo reli hugawanyika. Ukigeuka magharibi utafika Kigoma, kwenye ziwa jingine na stima nyingine. Huko ndiko alikokwenda Anton Rüter. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg kiliunda meli ya kutumika katika Ziwa Tanganyika. Baada ya kuundwa ilifunguliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma. Rüter alifuatana nayo pamoja na wenzake wawili wa kiwandani, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, ili waiunganishe upya. Walikuja kwa kazi ya muda mfupi, na vita vikawakuta. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikiitwa Graf von Götzen.

Jina hilo latutaka tusimame kidogo. Von Götzen alikuwa gavana wa Wajerumani katika nchi hii tangu mwaka 1901 hata 1906, na ni katika utawala wake vita vya Maji Maji vilipoanza na kuzimwa kwa upanga na kwa njaa. Hakupigilia ribiti hata moja katika meli ile. Walioipigilia ni mafundi watatu wa Papenburg, pamoja na Waafrika na Wahindi waliofanya kazi nao katika jua la Kigoma. Wale watatu tunayajua majina yao. Wale wengine hatuyajui. Tazama ngazi hiyo, msomaji: gavana alipata jina lake kuandikwa ubavuni mwa meli, mafundi wa Ulaya wakapata jina katika vitabu, na mchukuzi wa vyuma hakupata lolote. Moshi juu, mvuke chini.

Mwezi Julai 1916 ulikuwa mwezi mzito katika maziwa yetu mawili. Waingereza waliitwaa Mwanza, na Wabelgiji wakaikaribia Kigoma. Wajerumani waliamua kwamba meli yao isiangukie mikononi mwa adui, bali izamishwe. Amri ya kuzamisha ni nyepesi kwa mwenye kuitoa; mzigo wake ni wa yule aliyekitengeneza chombo kwa mkono wake. Yasimuliwa kwamba Rüter na wenzake walikubaliana kuizamisha kwa namna ambayo ingeweza kuinuliwa baadaye. Walizipaka injini grisi nzito kila mahali, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha polepole karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Waliilaza kama mtu alazavyo mtoto.

Meli ilikaa chini ya maji kwa miaka kadhaa. Mwezi Machi 1924 Waingereza waliiinua, na walipoisafisha wakakuta kwamba injini na maboila yangali yafaa kwa kazi. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lile. Mitambo yake ya mvuke iliendelea kuisukuma kwa miongo kadhaa, mpaka katika miaka ya 1970 ilipobadilishwa kwa injini za dizeli. Meli yenyewe ilichukua abiria, dagaa, mahindi na wakimbizi mpaka ndani ya karne hii ya 21.

Yupo atakayesema kwamba Rüter hakutufanyia hisani yoyote. Alikuwa mtu wa dola iliyotutawala kwa nguvu. Alipaka grisi akitumaini kwamba bendera yake itarudi. Neno hilo ni kweli, wala sitaki kulifunika. Mimi simsifu kwa nia yake, maana nia yake aliijua mwenyewe. Nasema tu kwamba grisi haikujua bendera. Mkono uliozoea kukinga kutu ulikinga kutu hata ulipoamriwa kuharibu, na faida yake waliipata mama wauza dagaa wa Kigoma na Kasanga ambao hawakupata kusikia habari za Papenburg. Ufundi wa kweli una uaminifu unaozidi ule wa fundi mwenyewe: hufanya kazi kwa ajili ya watu ambao fundi hakuwajua, na pengine hakuwataka.

Sasa nimfikie baba yangu. Mwaka 1993, nilipokuwa na umri wa miaka 11, alikuwa mwangalizi wa boila katika kiwanda ambacho sina haja ya kukitaja. Kila boila lina kioo cha maji, nacho ni bomba jembamba la kioo lisimamalo ubavuni na kuonyesha maji yamefika wapi ndani. Kioo hicho chaweza kusema uongo. Njia yake ikizibwa na ule ukoko uachwao na maji yaliyochemka, kioo huendelea kuonyesha maji mengi hali ndani yamekauka. Fundi mzoefu hulijua jambo hilo kwa dalili moja: maji katika kioo kilicho hai hayatulii kamwe, hutetemeka kidogo sikuzote kama mshipa wa shingoni. Usiku mmoja baba aliona maji yametulia. Alijaribu kukizibua kioo, hakuridhika na jibu lake. Hakuthubutu kuingiza maji mapya, maana maji ya baridi yakigusa chuma kilichokauka na kuwa chekundu huleta maafa. Aliutoa moto tanuruni, akalisimamisha boila, na kwa kuwa boila lilisimama, kiwanda kizima kilisimama.

Asubuhi wakubwa walikuja. Boila lilikuwa limekwisha poa. Mtu mwingine alifungua na kufunga, maji yakapita katika kioo bila ya shida, na haikuonekana kasoro yoyote. Labda uchafu ulikuwa umeng'oka wenyewe lilipopoa. Labda haukuwapo. Msimamizi alimwambia, "Mzee, umetutia hasara ya usiku mzima kwa ajili ya hofu yako." Akasimamishwa kazi siku 14 bila ya mshahara. Siku hizo tulikula kwa dagaa ambao mama aliwauza mwaloni Kirumba, na baba alikaa barazani akitengeneza viti vya jirani ambavyo havikuwa vimevunjika sana.

Nilikuwa na hasira ya kitoto. Nilimwambia, "Baba, ungewaonyesha kwamba ulikuwa na haki." Hakunitazama. Alisema, "Mwanangu, katika kazi yetu siku inayothibitisha kwamba nilikuwa na haki ni siku ambayo huna tena baba." Kisha akaendelea na kiti chake. Alirudi kazini siku ya kumi na tano, akawasha moto, na hakuna aliyesema neno.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Haikuwa meli ya mvuke, wala chanzo cha msiba wake hakikuwa boila. Lakini naitaja kwa kuwa siku zile, mji mzima ulipokuwa ukilia na makaburi yakichimbwa Igoma, baba alisema neno moja tu: kwamba watu wataikumbuka safari hii daima, na hawatakumbuka hata moja katika zile maelfu zilizofika. Hakusema hivyo kwa kuwapuuza marehemu. Alikuwa na marafiki miongoni mwao. Alikuwa akisema habari ya hesabu ambayo dunia haiijui. Msiba huandikwa tarehe, hujengewa mnara, huundiwa tume. Usalama hauna tarehe. Nani ataandika kwamba usiku fulani wa mwaka 1993, katika mji wa Mwanza, boila halikupasuka?

Wahenga husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa kawaida twalitumia neno hilo kumwogopa mtu mnyamavu. Watu wa boila huligeuza: mshindo mkuu umo ndani ya chuma, na kazi yao ni kuufanya ubaki kimya. Fundi wa daraja huonyesha daraja, mshairi huonyesha shairi, mwanachuoni huonyesha kitabu. Mtu wa boila huonyesha nini? Huonyesha kwamba jana ilipita. Akiifanya kazi yake vema kwa miaka 30, huwa hana hadithi ya kuwasimulia wajukuu, na wajukuu humdhania kwamba hakufanya kitu.

Mvuke haujaondoka katika maisha yetu. Huko Olkaria nchini Kenya, tangu mwaka 1981, umeme hutolewa kwa mvuke upandao kutoka ardhini, ambako dunia yenyewe imekuwa boila. Huko Kinyerezi, Dar es Salaam, joto linalobaki baada ya kuchoma gesi huchemsha maji yakazungusha mtambo mwingine. Viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kwa kazi hiyo hiyo. Jirani zetu wa Kenya huuita umeme stima, neno lililotoka katika mvuke wa Waingereza. Nasi huku tuliita stima meli iliyosukumwa na mvuke huo. Huenda hapo ndipo lugha ilipojaribu, kwa mkono wa kigeni, kuurudishia mvuke haki yake.

Lakini lugha ya kazi yenyewe inatoweka. Babu alikuwa akisema kulaza moto, maana yake kuufunika usiku ili usizime wala usichemshe, na kuuamsha alfajiri. Boila likitoa mvuke uliochanganyika na maji, na mabomba yakagonga, alisema linakohoa. Maji yakipungua alisema lina kiu, na mchochea moto atupaye kuni bila ya mpango aliitwa mlishaji wa nguruwe. Baba aliyarithi maneno hayo na kuongeza yake. Mimi niliyasikia mezani nikadhani ni mzaha wa nyumbani, mpaka nilipokutana na wazee wengine wa bandari ya Mwanza waliosema vilevile. Ulikuwa msamiati kamili wa ufundi, uliofinyangwa na watu ambao hawakuulizwa na mtunga kamusi yeyote. Tunapokaa katika vyuo vyetu na kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi, yatupasa tuulize kwanza ni nani tuliyemsikiliza kabla ya kutoa hukumu hiyo.

Nawaomba wanafunzi wangu, na wenzangu wa vyuo vingine, wafanye kazi moja ndogo. Waende katika bandari, katika karakana za reli, katika viwanda vya pamba na vya sukari, wakakae na wazee ambao bado wapo, na waandike maneno yao pamoja na majina yao. Maneno bila ya majina yatakuwa dhuluma mpya juu ya ile ya zamani. Grisi ya fundi ni grisi, na grisi ya mwanachuoni ni wino: vyote viwili hupakwa juu ya kitu kinachokwenda kuzama, kwa tumaini kwamba atakayekiinua, hata akiwa mgeni, atakikuta kingali chafaa.

Baba alifariki mwaka 2011. Katika daftari lake la kazi, ambalo mama alinipa, kuna kurasa nyingi zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi: tarehe, saa, kimo cha maji, nguvu ya mvuke. Mwishoni mwa kila zamu aliandika neno lilelile moja, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma mpaka darasa la saba tu. Aliandika: Salama.